Kupanga safari ya bustani za burudani kwa kufuata msongamano: tunatazama mno tarehe na kuisahau saa

Mpanga Ratiba (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, nimekuwa nikisoma maswali ya watu wanaojiandaa kwenda katika bustani kubwa za burudani (zile zenye michezo ya kupanda, kama treni za kasi na mashua), na karibu yote yanaishia kwenye tarehe. Ni wiki gani yenye watu wachache? Ni siku gani ya juma ambapo lango huwa tulivu? Naliheshimu swali hilo kwa sababu hata mimi nililiuliza kwa miaka mingi. Hata hivyo, baada ya safari kadhaa na daftari lililojaa muda wa foleni, nimeamini kwamba tarehe inapewa uzito unaozidi kiasi, na saa ya kufika langoni haizungumzwi vya kutosha.

Safari yangu ya kwanza niliipanga kwa kutumia kalenda ya msongamano, zile kalenda zinazoipa kila siku alama kuanzia 1 hadi 10. Nilichagua siku yenye alama 3, tukalala hadi tukatosheka, tukafika langoni saa tano asubuhi tukiwa na hakika kwamba bustani nzima ni yetu. Mchezo ambao wanangu walikuwa wakiuzungumzia kwa miezi ulikuwa na foleni ya dakika 95. Nilipoinua macho niliona treni moja tu ikizunguka kwenye reli, na ya pili ikiwa imeegeshwa kando. Watu kweli walikuwa wachache siku ile, kama kalenda ilivyosema, lakini binti yangu mdogo alikaa chini katikati ya foleni akapitiwa na usingizi, na tulipokaribia mbele ilibidi tutoke kwa sababu hakuamka. Niliumia sana, maana kosa lilikuwa la mpango wangu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba msongamano tunaouhisi miguuni hautokani na idadi ya watu waliopita langoni peke yake, bali na uwiano kati ya watu hao na uwezo wa bustani wa kuwapitisha kwa saa. Hesabu yake ni nyepesi, na msingi wake ni kanuni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961 kwa foleni za kila aina: gawanya idadi ya watu walio mbele yako kwa idadi ya watu wanaopitishwa kila saa, na hapo utapata muda utakaosubiri. Chukua mchezo unaopitisha watu 1,200 kwa saa. Watu 600 walio mbele yako ni nusu saa. Wasimamizi wakiondoa treni moja kati ya mbili kwa kuwa siku imetabiriwa kuwa tulivu, watu hao hao 600 wanakuwa saa nzima.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoipa asubuhi thamani yake. Lango linapofunguliwa hakuna foleni popote. Tuseme kwamba kuanzia saa nne watu 2,000 kwa saa wanaelekea kwenye mchezo ule unaopitisha 1,200. Kila saa inayopita, foleni inaongezeka kwa watu 800, yaani dakika 40 za kusubiri. Aliyeingia saa tatu kamili anapanda papo hapo, aliyefika saa tano anakuta dakika 40, na aliyefika saa sita anakuta saa moja na dakika 20, ingawa wote watatu wamekata tiketi za siku ile ile.

Kwa sababu hiyo, siku hizi nafika langoni dakika 45 kabla ya muda uliotangazwa, tiketi zikiwa tayari kwenye simu, na kila mtu katika familia akijua tunaelekea upande gani. Wengi hukosea katika kuchagua mchezo wa kwanza. Wanakimbilia wenye jina kubwa au ulio karibu na lango, ilhali unaofaa kutangulizwa ni ule unaopendwa na wengi huku ukipitisha wachache. Pale Magic Kingdom, bustani ya Disney kule Florida, Marekani, foleni ya Pirates of the Caribbean inaweza kuonekana ndefu na bado ikasogea vizuri, kwa sababu mashua zake zinabeba watu wengi na zinafuatana bila kukoma. Peter Pan's Flight, ambao upo tangu 1971, mwaka bustani hiyo ilipofunguliwa, una vyombo vidogo vinavyobeba watu wachache, na foleni yake inakaa mahali pamoja mchana kutwa. Ukiutanguliza huo saa ya kwanza umeokoa muda mwingi. Ukianza na mashua umeipoteza asubuhi kwa kitu ambacho ungekipata hata saa nane mchana.

Kati ya saa tano na saa tisa sigombani na foleni. Huo ni wakati wa maonyesho yenye kumbi kubwa, wa kutembea na kutazama majengo, na wa kupumzika kivulini. Tunakula kabla ya saa tano na nusu au baada ya saa nane, maana foleni za migahawa nazo zina kilele chake. Kuanzia jioni, na hasa wakati wa gwaride na fataki, umati unasimama mahali pamoja na michezo mingi inapumua. Anayetaka kuona fataki azione, lakini aliyekwishaziona siku iliyotangulia anaweza kuitumia nusu saa hiyo vizuri zaidi kuliko saa mbili za mchana.

Kuhusu tarehe, mimi huchagua kwa kuondoa: naondoa sikukuu na likizo za shule, kisha katika wiki zilizobaki sisumbuki sana kulinganisha Jumanne na Jumatano. Magic Kingdom ilipokea takriban watu milioni 17.7 mwaka 2023, ambao ni wastani wa zaidi ya 48,000 kwa siku. Katika bustani ya namna hiyo hakuna siku tupu, ila zipo saa tupu. Ikumbukwe pia kwamba majira tulivu ndiyo yanayotumiwa kwa ukarabati, na kwamba bustani hufungwa mapema zaidi, kwa hiyo unapata foleni fupi kwa kupoteza saa za jioni na pengine mchezo ule ule uliokuleta. Kabla ya kununua tiketi, soma orodha ya michezo iliyofungwa.

Karibuni tujadiliane.

Mama Wawili

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa maelezo haya, hasa ile hesabu, ambayo nimeirudia mara mbili ili niielewe. Ninao watoto wawili, mmoja ana miaka mitatu na mwingine saba. Nikiwaamsha alfajiri, ifikapo saa sita mchana watakuwa wanalia wote wawili, na siku yetu itakuwa imekwisha kabla hata ya hizo saa za jioni unazozisifu. Isitoshe, mdogo hajafikia kimo cha michezo mingi, na sitaki mmoja wetu wazazi akae nje siku nzima. Sisi tupange vipi?

Mpanga Ratiba

Dada yangu, swali lako ni la msingi, na ningelipaswa kuligusia tangu mwanzo. Igawe siku mara mbili. Ingieni lango linapofunguliwa, tumieni saa tatu za kwanza, kisha ondokeni saa sita mkalale, na mrudi saa kumi. Hampotezi kitu kikubwa, kwa sababu saa mnazokuwa hampo ndizo zile ambazo kila foleni iko kileleni. Mpango huu unategemea jambo moja, yaani malazi yawe karibu. Safari ya saa nzima kwenda na nyingine kurudi itawachosha watoto kuliko foleni yenyewe. Ukibana matumizi, mimi ningebana kwenye idadi ya siku kabla ya kubana kwenye umbali wa hoteli.

Kuhusu kimo, bustani nyingi kubwa zina utaratibu wa wazazi kupokezana. Mzazi mmoja anapanda na mtoto mkubwa huku mwingine akibaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila yule wa pili kuanza foleni upya. Disney wanauita Rider Switch, na Universal, washindani wao, wanauita Child Swap. Mweleze mhudumu mlangoni kabla hamjajipanga, kwa sababu hawawezi kuwasaidia mkiwa mmekwishafika katikati. Mara nyingi mtoto mkubwa huruhusiwa kupanda mara mbili, na hiyo ni furaha ambayo ataikumbuka.

Pima kimo cha watoto nyumbani, wakiwa wamevaa viatu watakavyovaa safarini, na ulinganishe na masharti yaliyoandikwa kwenye tovuti ya bustani. Seven Dwarfs Mine Train ya Magic Kingdom, kwa mfano, inahitaji sentimita 97. Nimeshuhudia mtoto akirudishwa mlangoni baada ya kusubiri karibu saa nzima, na sitamani mzazi yeyote apitie hali hiyo.

Jambo la mwisho kwa upande wako: usidhani michezo ya watoto wadogo haina foleni. Inapakia polepole, vyombo vyake ni vidogo, na kila mtoto anahitaji kufungwa mkanda na mzazi wake. Itangulizeni asubuhi.

Mtu wa Desemba

Mkuu, hesabu yako naikubali, lakini hitimisho limevuka mpaka. Mimi nilikwenda katika wiki iliyo kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, na nilifuata kila ulichokieleza. Nilikuwa langoni saa moja kabla. Nilipata mchezo mmoja, nikapata wa pili kwa dakika 30, na ilipofika saa nne kila ubao ulikuwa umevuka saa moja. Asubuhi haikunisaidia kitu. Kwa mtu aliyechagua tarehe mbaya, ushauri wa saa ni sawa na kumpa mwavuli aliyekwisha kuzama mtoni.

Mpanga Ratiba

Mkuu, hapo umenisahihisha na ninakubali. Kanuni ya asubuhi inafanya kazi pale tu ambapo watu wengi wanachelewa kufika. Katika wiki uliyoitaja, umati unakuwa umekwishajaa langoni kabla halijafunguliwa, kwa hiyo ile saa ya thamani inabaki dakika 20 au 30. Ndiyo maana nilisema naondoa sikukuu na likizo kwanza, ingawa nakiri kwamba niliipita haraka sehemu hiyo.

Wengi huondoa likizo zisizohusika. Mtu anatazama kalenda ya shule za kwao, anaona wanafunzi wako darasani, anaamini kwamba huko aendako nako kumetulia. Inayohusika ni kalenda ya wale wanaoizunguka bustani. Marekani, nyakati za kukwepa ni likizo za majira ya kuchipua kuanzia Machi hadi wiki za Pasaka, juma la Thanksgiving, sikukuu ya kutoa shukrani, ambayo huwa Alhamisi ya nne ya Novemba, na wiki ya mwisho ya Desemba. Japani wana Golden Week, mfululizo wa sikukuu kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwanzoni mwa Mei. China wana likizo ya Siku ya Taifa inayoanza tarehe 1 Oktoba. Ufaransa wameigawa nchi katika kanda tatu za shule, A, B na C, na likizo ya majira ya baridi ya kanda hizo inapishana, kiasi kwamba Disneyland Paris inapokea wimbi moja baada ya jingine kuanzia Februari hadi Machi. Ujerumani nako kila jimbo lina tarehe zake za likizo ya kiangazi.

Bustani iliyo mpakani inabeba kalenda za nchi zaidi ya moja. Europa-Park iko Rust, Ujerumani, jirani na Ufaransa na si mbali na Uswisi. Siku ambayo ni ya kazi kwa Mjerumani inaweza kuwa ya mapumziko kwa jirani yake, na maegesho yakajaa magari yenye namba za nchi nyingine. Mimi huandika likizo zote hizo kwenye karatasi moja kabla sijagusa tiketi. Ni kazi ya jioni moja.

Kwa upande wa Florida, wiki zinazofuata Jumatatu ya kwanza ya Septemba zimekuwa tulivu kwa muda mrefu, kwa kuwa shule za Marekani zimekwishafunguliwa. Sharti lake ni joto, pamoja na ukweli kwamba msimu wa vimbunga vya Atlantiki unaanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba. Katika majira hayo hayo, Magic Kingdom huwa na sherehe za Halloween zenye tiketi yake ya pekee, na siku hizo wageni wa kawaida hutakiwa kuondoka saa kumi na mbili jioni. Watu wengi huzikwepa kwa sababu hiyo, na mchana wake unakuwa na nafasi. Asiyejali kukosa fataki anapata siku nzuri.

Kokotoa

Ningependa kuongezea hesabu ya mleta mada kitu kimoja ambacho hakukigusa, nacho ni njia za kulipia, yaani foleni za pembeni zinazokwenda haraka. Disney walianzisha FastPass, kibali cha kupita njia hiyo, mwaka 1999, na kule Florida huduma hiyo ilikuwa ya bure, kwa sura mbalimbali, hadi bustani zilipofungwa kwa sababu ya korona mwaka 2020. Mwaka 2021 ilikuja huduma ya kulipia iliyoitwa Genie+, na mwaka 2024 ikabadilishwa jina kuwa Lightning Lane Multi Pass. Wanaolala katika hoteli za Disney wanaweza kuchagua nafasi zao siku 7 kabla, na wengine siku 3 kabla.

Sasa turudi kwenye mchezo wa watu 1,200 kwa saa. Ikiwa nafasi 7 kati ya kila 10 zinakwenda kwa waliolipia, foleni ya kawaida inabaki na watu 360 tu kwa saa, na wale watu 600 walio mbele yako si nusu saa tena bali ni saa moja na dakika 40. Foleni fupi kwa macho inaweza kuwa ndefu kuliko unavyodhani, na ndiyo maana inasimama kwa muda mrefu halafu inasogea ghafla. Simshauri mtu alipie au asilipie, ila nashauri kwamba asiyelipia aipange michezo yenye njia hiyo saa ya kwanza, kabla waliolipia hawajaanza kumiminika, na aiache michezo isiyo na njia hiyo kwa ajili ya mchana.

Wanaokwenda Universal kule Orlando watazame pia hoteli tatu, yaani Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific, ambazo malazi yake yanakuja na Express, yaani njia ya haraka ya Universal, kwa bustani mbili za awali. Bustani mpya ya Epic Universe, iliyofunguliwa tarehe 22 Mei 2025, haimo katika mpango huo. Kwa familia ya watu wanne, usiku mmoja katika hoteli hizo unaweza kutumika siku ya kuingia na siku ya kutoka. Pigeni hesabu hiyo kabla ya kusema hoteli ni ghali.

Mpanga Ratiba

Ahsante sana, mkuu Kokotoa. Sehemu hiyo nimeinakili kwenye daftari langu. Niongeze kwamba ipo njia isiyolipiwa ambayo wengi wanaipita bila kuiona, nayo ni foleni ya mtu mmoja mmoja. Wahudumu huitumia kujaza viti vilivyobaki wazi. Hamtakaa pamoja, lakini kwa watu wazima au vijana wakubwa inapunguza muda kwa kiasi kikubwa. Expedition Everest kule Animal Kingdom, bustani nyingine ya Disney, inayo, na Hagrid's Magical Creatures Motorbike Adventure kule Universal Orlando pia inayo. Huu wa pili ndio ule uliofunguliwa Juni 2019, na siku ya kwanza foleni yake ilifika saa 10.

Daftari Jeusi

Wakuu, ninayo maswali mawili. Kwanza, je, dakika zinazoandikwa kwenye ubao wa mlangoni zinaaminika? Pili, ikinyesha mvua ni heri kubaki au kuondoka?

Mpanga Ratiba

Ubao ni makadirio. Kwa miaka mingi Disney wamekuwa wakimkabidhi mgeni mmoja kadi nyekundu mwanzoni mwa foleni, naye anaitoa mbele, na kwa njia hiyo wanapima muda uliopita. Maana yake ni kwamba kipimo hicho kinakueleza aliyeingia zamani alisubiri kiasi gani, na hakikuelezi wewe utasubiri kiasi gani. Asubuhi, foleni inapokua kwa kasi, ubao unaweza kusema kidogo kuliko hali halisi. Usiku mambo yanageuka, na katika daftari langu karibu kila namba ya saa ya mwisho imekuwa kubwa kuliko muda tuliosubiri. Ukitaka kujifunza tabia ya bustani uendayo, tovuti ya Queue-Times huonyesha muda wa kusubiri wa bustani nyingi duniani na huhifadhi kumbukumbu za siku zilizopita. Itazame kila siku kwa wiki mbili kabla ya safari, asubuhi, mchana na jioni, kwa saa za huko uendako. Utaijua bustani hiyo kuliko kalenda yoyote itakavyokueleza.

Kuhusu mvua, baki. Radi ikikaribia, michezo ya nje husimamishwa na watu wengi huondoka moja kwa moja. Kule Florida mvua za majira ya joto huja alasiri na mara nyingi hazikai sana. Vaa koti jepesi, ingia kwenye mchezo wa ndani, na kaa karibu na ule wa nje unaoutaka, kwa sababu unapofunguliwa tena, dakika 15 za mwanzo ni kama asubuhi ya pili.

Kwa kuwa umeuliza kuhusu ubao, niseme na hili ambalo nililisahau. Bustani nyingi, zikiwemo za Disney, humruhusu kupanda kila aliyejiunga na foleni kabla ya muda wa kufunga, hata kama zamu yake itafika baadaye. Muulize mhudumu mapema, kisha uache mchezo mmoja mkubwa kwa dakika za mwisho kabisa. Ndivyo binti yangu alivyopanda ule mchezo uliomshinda safari ya kwanza. Tulirudi katika bustani ile ile mwaka uliofuata, tukaingia kwenye foleni dakika nne kabla ya kufungwa, ubao ukiwa umeandika 60. Treni zote mbili zilikuwa zikizunguka, tukasubiri dakika 25, na safari hii alikuwa macho.